Mitihani ya Kuingilia Vyuo vya Udaktari

Kijana atakaye kuwa daktari hujiuliza kwanza kama akili yake itatosha. Ni wachache wajiulizao swali la pili, ambalo nalo lina uzito: nibishe hodi katika mlango gani? Wengi hudhani ya kuwa milango ya udaktari yote ni sawa, na ya kuwa afaaye mahali pamoja hufaa kila mahali. Historia haituonyeshi hivyo. Kila chuo kina mizani yake ya kuwapimia waombaji. Mizani hiyo imetengenezwa na watu, imebadilishwa na watu, na mara nyingine imepuuzwa na wale wale walioitengeneza. Katika insha hii tutatazama habari za watu waliotafuta udaktari katika nchi mbalimbali, tuone jinsi walivyochagua milango yao, na mitihani iliwafaa nini.

Hapo kale mwombaji hakuulizwa kwanza anajua nini, bali yeye ni nani. James McCune Smith alizaliwa katika mji wa New York mwaka 1813, mtoto wa mama mtumwa. Alipewa uhuru wake mwaka 1827 sheria ya jimbo lile ilipokomesha utumwa. Shuleni alikuwa mwanafunzi hodari, akajifunza na Kilatini na Kigiriki. Walakini alipoomba nafasi katika vyuo vya Marekani alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Rafiki zake waliopinga utumwa wakamchangia nauli, akavuka bahari mwaka 1832 mpaka Glasgow, katika nchi ya Uskochi. Huko alipata shahada ya kwanza mwaka 1835, ya pili mwaka 1836, na ya udaktari mwaka 1837. Akarudi New York akatibu wagonjwa, naye ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari. Elimu aliyokuwa nayo New York ndiyo aliyokwenda nayo Glasgow. Kilichobadilika ni mlango tu.

Miaka ishirini na kitu baadaye, katika nchi ya Uingereza, mwanamke mmjoja aliyeitwa Elizabeth Garrett alitaka kuwa daktari. Wakati ule sheria ya mwaka 1858 ilikuwa imeanzisha daftari la madaktari, na ili jina la mtu liandikwe humo ilimpasa apate hati kwa chuo kikuu au chama kimoja kati ya 19 vilivyoruhusiwa kutahini. Vyuo vikamkataa kimoja baada ya kimoja. Bibi huyu hakukata tamaa, wala hakuendelea kubisha ovyo. Aliketi akasoma masharti ya kila mlango. Akagundua ya kuwa hati ya kale ya Chama cha Wauza Dawa cha London ilisema kwamba chama kitawatahini "watu" waliotimiza masharti, haikusema wanaume. Akasoma kwa walimu wa faragha, kisha akadai kutahiniwa. Wakuu wa chama walipositasita, baba yake aliwaonya kwamba atawashtaki. Mwaka 1865 alifanya mtihani, akafaulu, na jina lake likaandikwa katika daftari.

Chama hicho kilipoona mwanamke amepita, kikabadili kanuni: tangu hapo mafunzo ya faragha hayakukubaliwa, na mtahiniwa ilimpasa awe amesoma katika chuo cha udaktari. Vyuo vyenyewe, kama tulivyokwisha ona, havikupokea wanawake. Basi tundu alilopita mmoja likazibwa nyuma yake. Bibi Garrett aliendelea, akapata shahada ya udaktari huko Paris mwaka 1870. Lakini wenziwe waliotaka kumfuata iliwapasa watafute njia nyingine.

Mmoja wa hao alikuwa Sophia Jex-Blake. Yeye alichagua Chuo Kikuu cha Edinburgh, akiamini kuwa vyuo vya Uskochi vilikuwa na fikira pana kuliko vya Uingereza. Mwezi wa Machi 1869 aliomba, akakataliwa. Wakuu wa chuo walisema hawawezi kufanya mipango mipya kwa ajili ya mwanamke mmoja. Jibu hilo lilimpa maarifa. Ikiwa mmoja ni wachache mno, yafaa wawe wengi. Akatangaza magazetini, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wanawake 5 wakaingia katika chumba cha mtihani wa kuingilia chuo. Walitahiniwa Kiingereza, Kilatini na hesabu, pamoja na masomo mengine ya kuchagua. Watahiniwa wote walikuwa 152. Majibu yalipotoka, wanawake 4 kati ya wale 5 walikuwa miongoni mwa 7 wa kwanza.

Kama mtihani ungekuwa ndio mlango wote, habari ingeishia hapo. Lakini mtihani ulikuwa kizingiti tu. Wanawake walifundishwa mbali na wanaume na kulipishwa karo kubwa zaidi. Mwaka 1870 Edith Pechey, mmoja wao, alipata alama za kumstahilisha tuzo ya kemia, akanyimwa. Tarehe 18 Novemba mwaka huo, wanawake hao walipokuwa wakienda kufanya mtihani wa elimu ya viungo vya mwili katika jumba la Surgeons' Hall, walikuta kundi kubwa la watu likiwazuia njia. Walitupiwa matope na matusi, na lango likafungwa mbele ya nyuso zao mpaka alipotokea mtu wa kuwafungulia. Mtihani ukiendelea, kondoo akasukumwa chumbani ili kuwadhihaki. Waliketi wakaandika majibu yao wakiwa na matope nguoni. Wanawake walikwenda mbele ya mahakama kudai haki ya kupewa shahada. Mwaka 1872 walishinda, lakini rufani ilipokatwa, mwaka 1873 walishindwa. Wakaondoka Edinburgh bila shahada.

Hapa msomaji aweza kusema ya kuwa mtihani ule ulikuwa bure. Mimi sioni hivyo. Kabla ya Oktoba 1869 mtu aliweza kusema kwamba wanawake hawana akili ya kutosha kwa udaktari, na wengi waliamini. Baada ya majibu yale kutoka, mwenye kusema hivyo alikuwa na hesabu ya kujibu. Mtihani haukuwafungulia lango, bali uliwanyang'anya walinzi wa lango udhuru wao. Mwaka 1874 Sophia Jex-Blake alisaidia kuanzisha Chuo cha Udaktari cha Wanawake huko London. Mwaka 1876 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu vyama vyote vya kutahini vipokee wanawake, iliruhusu, haikulazimisha. Kwa hiyo ikabidi tena kutafuta mlango ulio tayari kufunguka. Ulipatikana ng'ambo ya pili ya bahari ndogo, katika Chuo cha Matabibu cha Ireland. Jex-Blake na Pechey walipata shahada zao Bern, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1877, kisha wakafanya mtihani wa Ireland mwaka huo huo ili waingie katika daftari. Bibi Pechey baadaye alikwenda Bombay, akatibu wanawake na watoto kwa miaka mingi. Na Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwaka 2019, kiliwatunukia wale wanawake 7 wa kwanza shahada walizonyimwa, wote wakiwa wamekwisha kufa zamani.

Sasa na tuvuke bahari ya Atlantiki. Wakati Uingereza milango ilikuwa mizito, Marekani ilikuwa na milango isiyo na komeo. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vingi vya udaktari huko vilikuwa biashara za watu; mwenye karo aliingia, hata kama hakumaliza shule ya sekondari. Kulikuwa na vichache vilivyo tofauti, kama Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, kilichofunguliwa mwaka 1893. Hicho kilidai shahada ya kwanza kwa kila mwombaji, na wanawake waliochanga fedha za kukianzisha walishurutisha kuwa wanawake wapokewe kwa masharti yale yale ya wanaume. Mwaka 1910 mwalimu mmoja, Abraham Flexner, alitoa taarifa mashuhuri baada ya kuchunguza vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alivisema vingi kuwa havifai. Kwa ajili ya taarifa hiyo, na mageuzi yaliyokwisha anza kabla yake, vyuo vingi vikafungwa. Wagonjwa wakapata madaktari waliofundishwa vizuri zaidi, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini jema hilo lilikuwa na gharama yake. Kati ya vyuo 7 vya Wamarekani weusi, Flexner alishauri viwili tu viendelezwe, yaani Howard na Meharry; vile vingine vilifungwa, na vijana weusi wakabakiwa na milango michache mno.

Hata vyuo vilivyobaki vilikuwa na taabu. Wanafunzi waliingia wengi, na wengi wao waliacha njiani. Ndipo mwaka 1928 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Fred Moss, pamoja na wenzake, wakatunga mtihani wa kupima kama mwombaji anaweza kustahimili masomo ya udaktari. Ulipima kumbukumbu, maarifa ya sayansi, uwezo wa kuelewa maandishi, na uwezo wa kufikiri kwa taratibu. Kati ya miaka ya 1925 hadi 1930, wanafunzi kiasi cha 20 katika kila 100 walikuwa wakiacha masomo. Ilipofika mwaka 1946 walikuwa 7 katika kila 100. Si haki kusema kuwa mtihani peke yake ulileta badiliko hilo, maana na mafunzo ya awali yalikuwa yametengenezwa. Lakini vyuo viliona faida yake. Mwaka 1948 mtihani huo ulichukua jina la MCAT, nao ungali ukitumika, ingawa umefanyizwa upya mara kadhaa. Badiliko kubwa la mwaka 2015 liliongeza elimu ya nafsi na elimu ya jamii, kwa kuwa mgonjwa si mwili mtupu, na daktari asiyefahamu maisha ya watu hawezi kuwatibu sawasawa. Alama za sasa zaanzia 472 na kuishia 528.

Mizani ya pamoja ina wema wake. Kijana aliyesoma katika chuo kidogo kisichojulikana aweza kulinganishwa na yule aliyesoma katika chuo chenye sifa, kwa kuwa wote wamejibu maswali mamoja. Pamoja na hayo, mizani haimlazimishi mwenye duka kuuza. Katika miaka ile ile ambayo mtihani wa Moss ulikuwa ukienea, vyuo kadhaa vya Marekani viliweka kiasi cha Wayahudi watakaopokewa, hata kama walikuwa na alama za juu. Na vyuo vingi havikupokea weusi kabisa. Tumekwisha ona jambo hilo hilo Edinburgh.

Tukirudi Uingereza ya siku zetu, twaona jinsi aina ya mtihani inavyoweza kuongoza uchaguzi wa chuo. Mwombaji wa huko aruhusiwa kuomba vyuo 4 tu vya udaktari kwa mwaka mmoja. Kwa muda wa miaka mingi mitihani mikubwa ya kuingilia ilikuwa miwili. Mmoja, uliojulikana kwa herufi BMAT, ulianza mwaka 2003, na ulitumiwa na vyuo kama Oxford, Cambridge na Imperial College ya London. Ulikuwa na maswali ya kufikiri, maswali ya sayansi, na insha. Wa pili ulianza mwaka 2006 kwa jina la UKCAT, na tangu mwaka 2019 waitwa UCAT. Huu haupimi maarifa ya sayansi, bali wepesi wa kufikiri, kuhesabu, na kuamua, pamoja na busara ya mtu anapokutana na jambo gumu kazini.

Kulikuwa na tofauti nyingine ambayo vijana wengi waliijua baada ya kuchelewa. Mtihani wa UCAT hufanywa kwa kompyuta kabla ya siku ya mwisho ya kuomba, ambayo ni katikati ya mwezi wa Oktoba, na mtahiniwa hupata alama zake siku ile ile. Kwa hiyo huchagua vyuo akiwa anajua uzito wake. Bali BMAT, aghalabu, ulifanywa baada ya maombi kupelekwa. Mwombaji alikuwa kama mvuvi aliyekwisha tia nanga, kisha ndipo aulizwe kama anajua samaki wako wapi. Kijana mwenye busara aliliangalia jambo hilo, akagawanya nafasi zake: mbili kwa vyuo vya mtihani huu, mbili kwa vyuo vya mtihani ule, ili akishindwa upande mmoja asipoteze mwaka mzima. BMAT ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na vyuo vilivyoutumia vikahamia UCAT.

Lakini usidhani ya kuwa mtihani mmoja waleta mizani moja. Vyuo vyasoma alama zile zile kwa macho mbalimbali. Kimoja huweka kiwango, na aliye chini yake hatazamwi tena. Kingine huwapanga waombaji wote kwa alama na kuwaita wa juu waje wahojiwe. Kingine huchanganya alama hizo na matokeo ya shule, hata mwenye alama za wastani akaokolewa na bidii yake ya darasani. Kwa hiyo vijana wawili wenye alama sawasawa waweza mmoja kuitwa na mmoja kuachwa, kwa kuwa mmoja alisoma masharti na mwenziwe alifuata sifa ya jina la chuo.

Je, habari hizi za mbali zatuhusu nini sisi wa Kenya? Zatuhusu sana. Katika Afrika ya Mashariki mafunzo ya udaktari yalianzishwa Makerere, nchini Uganda, mwaka 1924, na kwa karibu miaka 40 kijana wa Kenya aliyetaka udaktari bila kuvuka bahari aliutazamia mlango huo mmoja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963, na cha Nairobi mwaka 1967. Baadaye vyuo vikazidi, Eldoret, Maseno na penginepo. Walio wazee wetu hawakuwa na mlango wa kuchagua, sisi tunao.

Kwa utaratibu wa KCSE, mtihani uliofanywa kwanza mwaka 1989, vyuo vya serikali havikuweka mtihani wa pekee wa udaktari. Mtihani wa kumaliza shule ndio uliokuwa mizani, na alama za masomo ya sayansi zikapewa uzito mkubwa. Kila mwaka hutangazwa alama za mwisho zilizomwingiza mtu katika kila chuo, na vijana huzisoma kana kwamba ni amri iliyochongwa katika jiwe. Yafaa kufahamu zilivyopatikana. Alama hiyo ni ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi, basi. Wakiomba wengi wenye alama za juu, yapanda. Wakiomba wachache, yashuka. Yatueleza habari za mwaka uliopita, haituahidi mwaka ujao. Mwenye kuitumia aitumie kama baharia atumiavyo habari za pepo za jana: humsaidia kukisia, lakini hatafunga tanga lake kwa hizo peke yake.

Wahenga walisema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii huonya watu wenye kuchagua kwa kiburi, lakini asiyechagua kabisa naye aweza kurudi na kifuu. Kuchagua vyema si kuogopa vyuo vikubwa, wala si kujidharau. Ni kujua kwanza nguvu zako zi wapi, kwa kujipima kwa kweli bila kujipendelea. Kisha ni kuuliza kila chuo chapima nini, na lini, na jinsi gani, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Kisha ni kugawa nafasi ulizo nazo, mlango mmoja wa matumaini makubwa, na mingine ambayo uzito wako waitosha.

Na ikiwa mlango umefungwa, yafaa utafute sababu kabla ya kuondoka. Ikiwa ni kwa kuwa hujaiva, rudi ukasome, ujaribu tena. Ikiwa ni kwa kuwa mizani yao haikupima kile ulicho nacho, nenda palipo na mizani nyingine, kama Elizabeth Garrett alivyofanya. Na ikiwa ni kwa kuwa mizani imekubali na mlinzi amekataa, kumbuka wale wanawake wa Edinburgh. Walifaulu, wakanyimwa, wakafuata njia ndefu kupitia Uswisi na Ireland. Na walipofika, wagonjwa hawakuwauliza waliingia kwa mlango gani. Waliwauliza kama wanajua kutibu.